Wanga Uliopikwa

Bondeni mwa Mto Fox, Wisconsin
Jumapili, 12 Februari 1978

Mdogo wangu mpendwa Norbert,

Pokea salamu zangu na za Arlene, nawe umgawie shemeji Lorraine na binti yetu Colleen sehemu yao. Natumaini baridi ya huko Duluth haijawamaliza. Ukiuliza habari zetu, tu wazima. Mgongo wangu unalalamika, meno yamebaki ya kuhesabika, na Arlene bado anaamini kwamba supu ya kabichi inatibu kila kitu. Kinachoniuma zaidi leo ni mkono, maana naandika kwa kukandamiza kalamu kwelikweli. Kwa nini, utajua mbele.

Habari za hapa ni zile zile za watu wale wale, na unajua ninavyowaheshimu. Clarence, mume wa dada yetu, amezamisha gari lake ziwani tena. Aliambiwa barafu bado nyembamba, akajibu kwamba yeye anavua juu ya barafu tangu hajaota ndevu. Sasa gari liko chini na samaki, na mwenyewe yuko baani anawaeleza watu makosa ya barafu. Padri Vosters ametuhubiria dakika arobaini juu ya unyenyekevu, na alipomaliza akasimama anatutazama kama anayengoja kupigiwa makofi. Ukumbi wa tufe, pale tunapoangusha pini kila Alhamisi, umepakwa kijani cha dawa ya kikohozi. Beulah, mwenye ukumbi, anasema ndiyo mtindo wa siku hizi.

Na Thayer anaondoka. Ndiyo, Bradford Thayer, meneja wetu wa kiwanda cha karatasi, yule wa viatu vyeupe. Wamempandisha cheo, anakwenda makao makuu Chicago. Mtu huyu hawezi kuchemsha yai likaiva, lakini kila akiharibu kitu anasogezwa ngazi moja juu, pengine ili awe mbali na mashine. Akiharibu mara mbili zaidi atakuwa mwenyekiti.

Alhamisi tulimfanyia karamu ya kumuaga pale kwa Beulah. Samaki wa kukaanga, kabichi, brandi ya kutosha kuogea. Thayer akasimama kutoa hotuba, akaniita mbele, akanishika bega kwa vidole viwili kama mtu anayeshika kitambaa cha jikoni. Akasema, "Huyu hapa Leroy, mkuu wa jiko letu la rangi. Mtu ambaye katika maisha yake yote hajawahi kupika wanga!" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Orville Jochem akapaza sauti kutoka nyuma, "Mpishi mwenyewe alikimbilia Duluth, huko anawapikia dubu!" Mwingine naye akadakia, "Msimwambie Norbert achemshe chai, itatoka bluu!" Wakacheka hadi brandi ikawatoka puani. Ni watu wazima, Norbert, wana wajukuu, na miaka mitano sasa hawajapata mzaha mwingine.

Na mimi nilicheka. Si kwa kujilazimisha, nilicheka kwa sauti.

Kesho yake, Ijumaa, barua yako ikafika. Nimeisoma mara tatu, na kabla sijaijibu itanibidi nirudie mambo unayoyajua vizuri kuliko mtu yeyote. Nivumilie. Barua hii itasomwa na wengine pia, na wengine hao, ingawa wamekula mkate wa kiwanda kile maisha yao yote, hawajui kinachotengenezwa mle.

Karatasi yetu ni ile ya nakala. Unaandika juu, maandishi yanatokea na chini, bila ile karatasi nyeusi ya kaboni inayochafua vidole. Nyuma ya karatasi ya juu tunapaka vifuko vidogo mno vya mafuta yenye rangi iliyolala. Kwenye uso wa karatasi ya chini tunapaka udongo. Kalamu ikikandamiza, vifuko vinapasuka, mafuta yanakutana na udongo, na mstari wa bluu unatokea. Lakini karatasi hukazwa kwenye roli, hupangwa, hukaliwa na madereva wanene. Vifuko vingepasuka vyote kabla ya karatasi kuonana na kalamu. Ndiyo maana tunatia wanga wa ngano ndani ya rangi, mbichi, punje nzima nzima. Punje ni kubwa kuliko vifuko, kwa hiyo zinasimama katikati yao na kubeba uzito. Ukiupika wanga huo, punje zinayeyuka na kuwa uji, na hakuna kinachosimama tena. Viwanda vingine vyote vya karatasi hupika wanga. Sisi hatupiki. Mtu akielewa hilo peke yake, ameelewa nusu ya kazi yetu.

Sasa, Oktoba ile ya mwaka sabini na mbili, roli zilitoka kwenye zamu yako, zikalala ghalani Jumamosi na Jumapili, zikapakiwa kwenye malori mawili kwenda kwa mpiga chapa wa Milwaukee. Alipofungua akakuta karatasi bluu kuanzia ukingo hadi ukingo, kana kwamba zimepigwa ngumi. Maabara hawakuona kitu, kwa sababu maabara yetu hupima uzito na weupe, kisha hunywa kahawa. Wakarudi kwenye kadi ya mchanganyiko, wakakuta jina lako, maana anayemalizia ndiye anayetia sahihi. Watu wa zamu iliyofuata wakasema waliikuta koki ya mvuke iko wazi, ile iliyo nyuma ya tangi la wanga, ambayo haiguswi isipokuwa siku ya kuosha tangi. Thayer alikuuliza mbele ya watu wote kwa nini uliifungua. Ukasema hukuifungua. Akakuuliza una hakika. Wewe, kwa ule ukweli wako wa kijinga, ukafikiri kidogo, kisha ukasema huwezi kuapa, kwa sababu kitu ambacho mtu hakigusi hakikumbuki. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka ulipokuwa. Siku hiyo hiyo walikutoa getini na sanduku lako la chakula, baada ya miaka kumi na tisa.

Nirudi kwenye barua yako. Unasema umempa Lorraine funguo za gari kwa sababu hujiamini tena barabarani. Unasema uliacha kazi kule karakana, si kwa kuwa ulikosea kitu, bali kwa kuwa ulikuwa unarudi mara nne kuangalia kama umezima mashine. Unasema daktari hakuona tatizo, lakini daktari hakumjua baba. Umeandika kwamba ugonjwa wa baba wa kusahau ulikuanza siku ile ya mvuke, kwamba mtu anayeweza kufungua koki kwa mkono wake na asikumbuke ameshaondoka nusu. Na ukaniomba mwezi wa sita, Colleen akiolewa hapa parokiani, mimi nimshike mkono kumpeleka altareni, kwa sababu unaogopa kusahau njia mbele ya watu, na watu wenyewe ndio hawa wanaokuita Mpishi.

Norbert, hukusahau chochote. Hukuigusa koki ile. Niliifungua mimi.

Sasa nakueleza ilivyokuwa. Siku ile saa nane na nusu mchana Thayer aliingia jikoni. Alikuwa na wiki mbili tu tangu aje, ametoka kiwanda cha karatasi za magazeti huko Maine. Akaniona namimina wanga kwenye maji baridi, akaziba pua, akasema, "Huko nilikotoka tunapika. Kuweka mbichi ni uvivu tu." Nikamwambia, "Bwana Thayer, huu wetu haupikwi." Akanigonga kifuani kwa kidole na kusema, "Mzee, wewe koroga, mimi nifikiri." Nilikuwa na miaka ishirini na mbili jikoni mle. Nilikuwa nimechanganya rangi ile tangu ilipokuwa ndoo moja ya majaribio.

Ningeweza kumweleza. Maneno kumi yangetosha, na mjinga yule angeelewa. Sikutaka aelewe. Nilisema tu, "Andika." Akaandika amri kwenye fomu ya nakala tatu kama tunavyoandika kila kitu, akatia sahihi, akanichania ile nyeupe ya juu, nami nikatia juu yake herufi zangu na saa: LVH, saa tisa kasoro dakika kumi. Nikafungua mvuke. Nilifurahi, Norbert. Nilijiambia, sasa ngoja tumwone akifikiri.

Halafu saa tisa wewe ukaingia kupokea zamu. Tulikutana mlangoni, unakumbuka? Uliniuliza kama kuna jambo. Ningekuambia, ungekimbia kuifunga koki, ungemwokoa yule bwana na aibu yake, maana ndivyo ulivyo. Kwa hiyo nikasema hakuna jambo, nikakuuliza Ijumaa tutakula samaki kwa nani. Ukanijibu kwa mama mkwe. Nikaenda zangu nyumbani.

Mambo yalipoharibika nilikuwa na ile karatasi nyeupe mfukoni, tayari kumzika nayo. Ndipo nikasikia kwamba nakala ya njano, ya maabara, haina kitu, na ya pinki, ya ofisini kwake, haina kitu. Unajua kwa nini? Mkono wake mwepesi. Meneja wa kiwanda cha karatasi ya nakala, na hajui kwamba kalamu hukandamizwa! Hakukuwa na ushahidi mwingine duniani ila ule wangu, na juu yake kulikuwa na herufi zangu, na Thayer ameshatangaza kwamba aliyefungua mvuke ndiye anayetoka. Alijua kwamba alikuwa ameniamuru. Nilijua kwamba anajua. Nikakutazama unapotolewa, na wiki iliyofuata nikafanywa mkuu wa jiko.

Nimewadharau watu wengi maishani. Thayer ni mpumbavu, hilo halibadiliki, lakini mpumbavu alifanya alichodhani ni sawa. Mimi nilijua kila punje ya wanga ule inafanya nini, na nikamwacha ndugu yangu aingie pale na aulizwe. Kisha kila Alhamisi, miaka mitano, nimekwenda kwa Beulah na karatasi hiyo ndani ya mfuko wa viatu vyangu vya tufe, chini ya soli, nikakaa nayo kiti kimoja nikiwasikiliza wakikuita Mpishi. Hakuna mtu hapa bondeni ninayemdharau kama huyo mwenye mfuko.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Ukitaka kunitukana, Lorraine ana namba ya simu yetu, na nitakuwa nyumbani.

Nakueleza sasa sababu ya mkono kuniuma. Barua hii nimeiandika kwenye fomu zetu wenyewe za nakala tatu. Nyeupe ndiyo hii uliyoishika, na ndani yake nimekuwekea ile amri ya Thayer. Angalia saa, kisha kumbuka uliingia kazini saa ngapi. Ya njano nitaiacha kesho asubuhi mezani kwa Thayer, juu ya zawadi zake, pamoja na barua yangu ya kuacha kazi. Ya pinki, isipokuwa ukurasa huu wa mwisho, tayari nimempelekea Beulah. Ameisoma amesimama, hata ule mstari juu ya kijani chake, akaenda kutafuta misumari. Ameigongomea ukutani karatasi kwa karatasi, chini ya orodha ya pointi, mahali ambapo Orville na Clarence na padri mwenyewe watasoma nilivyowaandika. Nimeikagua. Nimekandamiza vya kutosha, kila neno linasomeka.

Arlene anawasalimu sana. Anajua tangu jana, na tangu jana hajapika supu. Mfikishie Colleen busu la baba yake mkubwa, na umwambie nimekataa ombi lako. Mwezi wa sita nitakaa benchi la nyuma, kama mtaniruhusu kuingia. Mkono wake utaushika wewe. Na chukua funguo zako kwa Lorraine, uendeshe wewe mwenyewe kutoka Duluth mpaka hapa.

Ni mimi kaka yako,

Leroy Vande Hey