Mgonjwa wa Mwisho wa Siku

Jumatatu, 6 Oktoba

Kliniki yetu ya ushauri nasaha imepooza. Simu mbili tu asubuhi nzima, zote za kufuta miadi. Habari imeshatembea: yule mwalimu wa chekechea ametushtaki, na kesi ni Ijumaa. Si mshauri peke yake — kliniki!

Mshauri mwenyewe, Bwana Polepole tuliyemwita hivyo kwa sauti yake ya kubembeleza, hajulikani alipo tangu afukuzwe. Mwalimu alikuja kwetu amefiwa na mume, hali wala halali. Badala ya kumtibu, Bwana Polepole akamwambia kukumbatiana ni sehemu ya tiba. Halafu na mengine. Mimi na mfagizi tulishindwa kuyataja.

Mkurugenzi katuita wote. Kashikilia moja: yalitendeka baada ya saa za kazi, ni uhuni wa mtu binafsi, kliniki haihusiki. Mfagizi akaninong'oneza, "Baada ya kazi, sawa. Kochi la nani?" Nilikohoa kuficha kicheko. Kisha kicheko chenyewe kikanikauka.

Jumanne, 7 Oktoba

Nayapanga yakae sawa kichwani.

Utaratibu wetu: mshauri haachwi peke yake na mgonjwa wa mwisho wa siku. Mpokezi — mimi — anapiga hodi muda ukiisha, anasubiri mgonjwa atoke, ndipo anafunga mlango wa nje. Nilifundishwa hivyo siku ya kwanza, na Mkurugenzi huyuhuyu.

Mwezi wa tano akabadilisha. Kwa Bwana Polepole tu. Asipigiwe hodi, inamkata mgonjwa maneno. Wagonjwa wanampenda, wanaletana. Akampa ufunguo wake. "Wewe nenda kapike, dada. Atafunga mwenyewe."

Nilimwambia sipendi. Mwalimu anawekwa wa mwisho kila mara, na akipiga simu sauti inatetemeka kuliko alipokuja mara ya kwanza. Mkurugenzi akacheka: "Wivu huo?" Mwezi wa saba nikarudia. Safari hiyo hakucheka. Nishike simu, taaluma niwaachie wenyewe.

Hakuna aliyesikia zaidi yetu wawili. Hapo ndipo pananiwasha.

Jumatano, 8 Oktoba

Wakili wa kliniki kaja kunihoji. Mpole, kiatu kinang'aa. Nani alipaswa kumsubiri mgonjwa wa mwisho? Mimi. Ulimsubiri? Hapana, kwa sababu —

"Inatosha, asante."

Inatosha! Sababu haitaki. Nimepika wali ukaungua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeelewa sasa. Mkurugenzi kanifungia mlango, kanimiminia chai kwa mkono wake — ajabu ya kwanza. Leo naitwa "mwanangu". Niseme kesho mahakamani kwamba niliondoka mapema kwa shughuli zangu za nyumbani. Itaonekana kliniki iliweka ulinzi, mfanyakazi akauvunja. Nitapewa onyo, kazi yangu ibaki. Nikisema vingine, mwalimu atashinda, milango itafungwa. "Na mfagizi utamlisha wewe?"

Chai sikuinywa. Lakini na kukataa sikukataa.

Nyumbani nikamweleza mume wangu. Tangu gereji yao ifungwe, mshahara wangu ndio unaoshika nyumba. "Mke wangu, uzembe haumpeleki mtu jela. Kubali yaishe."

Naosha vyombo, yeye ananitazama. Mara akasema, "Ila nani atakuamini? Mzembe gani anapanga vijiko kwa urefu!"

Tulicheka. Kisha sote wawili tukaacha kwa wakati mmoja.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mahakamani. Naandika kwenye benchi la nje, wamepumzika kidogo.

Asubuhi kabla ya kuanza nilikutana naye chooni, kwenye sinki. Mwalimu. Amekonda. Nilitaka kutoka, akaniwahi.

"Dada, wewe uliyasikia?"

Nikamwambia nilikuwa sipo. Jioni zile nilikuwa naondoka.

"Unaondoka?" Maji yanamwagika tu, hafungi bomba. "Mimi nilijua uko pale nje. Kila siku. Nikasema, dada anasikia na hashtuki, basi ndiyo tiba yenyewe. Mjinga ni mimi."

Kaka yake akamwita mlangoni, "Njoo, mdogo wangu, tunaanza." Akaenda. Bomba nimelifunga mimi.

Ndani nimejibu ya wakili wa kliniki. Nani alipaswa kusubiri? Mimi. Ulisubiri? Hapana. Inatosha. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mzazi wa mtoto aliyefaulu.

Kisha akasimama wakili wa mwalimu, mama mtu mzima, miwani puani. Swali moja tu: "Nani alikwambia uondoke?"

Wakili wetu akaruka na pingamizi. Wakabishana sana. Hakimu akalikataa pingamizi: mapumziko yakiisha, swali nitalijibu.

Kwa hiyo swali liko pale, linanisubiri.

Mkurugenzi ametoka. Anakuja huku. Anatabasamu, amebeba chupa ya maji. Nimesogea mwisho wa benchi; amekaa hapohapo nilipopaacha. "Kunywa, mwanangu, koo lisikauke. Unaandika nini?"

Yangu tu, nimemwambia.

Sasa hatabasamu. Anasema nisisahau nani alinipa kazi nikiwa sina mbele wala nyuma. Nasema sijasahau. Wala mwezi wa tano sijausahau, Mkurugenzi, wala wa saba.

Karani kafungua mlango, ananiashiria. Mkurugenzi kanishika kiwiko, anasema ngoja kwanza. Nafunga daftari, nakwenda kulijibu.