Aliyekuwa Mgongoni Mwako

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ipokee barua hii kwa mikono miwili, maana imetoka mbali na njiani imegongwa mihuri mingi. Magoti yako yanaendeleaje? Bado yanakusumbua asubuhi, au ile dawa ya kuchua imeyatuliza? Na paa la upande wa jikoni, limezibwa au bado unahamisha ndoo kila mvua inyeshapo? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umekuwa na safari zake, na hizo ndizo zilizonikalisha chini nikuandikie.

Najua jirani yako fundi cherehani ndiye anayekusomea. Fundi, nawe nakusalimu. Soma polepole, kama unavyotunga uzi kwenye sindano, na utakayoyakuta humu yasivuke kizingiti. Nakufahamu. Nguo unazishona vizuri, lakini mdomo wako hauna vifungo.

Mama, nilipokuandikia mara ya mwisho nilikwambia nimepata kazi ya kupika katika nyumba ya watawa wa Kibuddha, ile iliyo juu ya kilima nyuma ya kiwanda cha matofali. Ukaniuliza kama nakula vizuri na kama wanajua sisi ni watu gani. Kula nakula. La pili sikukujibu. Siku nilipofika nilimwambia mtawa mkuu, ambaye sote tunamwita Mama Mkuu, kwamba nimezaliwa katika ukoo wa wachuna ngozi, wale ambao watu huziba pua wakipita. Nikasimama pale mlangoni nisubiri kufukuzwa. Nilitaka yaishe mapema, kabla sijagusa sufuria. Yeye akaniuliza kama naweza kupika wali wa nyumba nzima bila kuuunguza. Nikasema naweza. Akanikabidhi ufunguo wa stoo.

Baadaye akanieleza kwamba humo ndani hakuna anayeulizwa ukoo. Aliyetangulia kula kiapo ndiye mkubwa, na anayemfuata humwinamia mpaka paji la uso liguse sakafu, awe binti wa tajiri au wa mzoa taka. Alisema Buddha aliwafungulia mlango watu ambao wengine walikimbia hata kivuli chao, kwa sababu mateso hayabagui. Uzee, maradhi na kuachana na uwapendao huingia kila nyumba bila kupiga hodi, basi na huruma nayo isisimame getini ikiuliza majina. Nilikuwa namenya viazi, nikaitikia kwa adabu, lakini sikuamini. Watu kama sisi tumeahidiwa mengi.

Mwanzoni mwa mwaka akaja mgeni, mwanamke wa rika langu, begi moja begani na viatu vya bei vilivyolika kisigino. Aliomba akae, ajifunze. Kwa utaratibu wa nyumba ile kila mgeni huanzia jikoni, hivyo akaletwa kwangu. Nikamtambua kabla hajavua viatu, kwa lile jicho la kushoto linalolegea kidogo, ulilokuwa ukinisimulia. Waliosema milima haikutani lakini binadamu hukutana hawakukosea. Mama, alikuwa Kifaranga. Yule binti wa nyumba kubwa ulikokuwa yaya, uliyembeba tangu hajakaza shingo mpaka anakwenda shule, huku mimi nikibaki na Bibi.

Yeye hakunijua. Angenijulia wapi, na sisi geti lile hatukuruhusiwa kulisogelea? Nami sikumwambia kitu. Nikampa masufuria yaliyoungua kuliko yote, akayasugua bila kunung'unika, jambo lililonikera zaidi. Siku moja alinishukuru kwa kumfundisha kazi. Nikamjibu kwamba asante haisugui sufuria.

Mama Mkuu aliyaona hayo na hakunikemea. Aliingia jikoni asubuhi moja kuni zikiwa mbichi, akanikuta nimeinama napuliza moto, machozi yananichuruzika. Akasema moshi humwingia kwanza anayepuliza. Kisha akaenda zake. Nilidhani anazungumzia kuni.

Jioni watawa hukaa kimya kwenye mikeka, nami nilikuwa nimeshaanza kukaa nao, karibu na mlango. Tunafundishwa kujitakia heri sisi wenyewe, kisha tumtakie tunayempenda, kisha mtu baki, na mwisho yule aliyetuumiza. Wa kumpenda sikuhitaji kumtafuta. Nilifumba macho nikakuita, nawe ukaja, lakini ukaja na mbeleko yako. Kila nilipokuweka moyoni nilimkuta yeye mgongoni mwako. Nilijaribu kumshusha, hakushuka. Nikahangaika naye jioni nyingi, mpaka nikachoka, nikawatakia amani wote wawili, maana utamwombeaje heri anayebeba ukamruka anayebebwa?

Hapo ndipo nilipojua kinachonichoma ni nini. Siku zote nilijiambia kwamba nawachukia wale watu kwa dharau yao kwa ukoo wetu, na dharau hiyo ilikuwepo, sikuizua. Lakini chini yake kulikuwa na jambo la kitoto kabisa. Ulikuwa wake mchana kutwa. Kwangu ulifika usiku, umechoka, ukisinzia katikati ya hadithi nami nikikutikisa uimalizie. Na usingizini, Mama, ulikuwa ukimbembeleza yeye kwa jina lake. Sikulaumu hata chembe. Ulikwenda kule ili mimi nile. Nakwambia tu kwamba nimekuwa na kiu nawe tangu nikiwa nimelala ubavuni mwako, kwa hiyo kiu ya sasa, ya kuwa mbali, mimi nayo tunajuana tangu zamani.

Mwezi uliopita tulikuwa tunachambua maharage, mimi na yeye, nikajikuta nimemwita Kifaranga. Ungo ulimtoka mikononi.

"Jina hilo umelitoa wapi?" akaniuliza. "Kuna mtu mmoja tu aliyeniita hivyo."

Nikamwambia, "Mtu huyo ndiye aliyenizaa."

Hakuniuliza kingine ila kama u hai. Niliposema ndiyo, alikaa chini palepale juu ya maharage, akalia kama watu wanavyolia msibani, bila kujali anayemwona.

Kisha akanisimulia. Wewe ulituambia kazi imekwisha, ukaanza kuuza mboga, hukuongeza neno. Yeye anasema haikuwa hivyo. Anasema siku moja alishikwa na kiu akanywa maji kwa kikombe chako, kile kilichowekwa peke yake nje ya jiko ili mtu mwingine asikiguse. Shangazi yake akamwona. Ikasemwa umemtia mtoto najisi, ukatolewa siku ileile, naye akaambiwa kwamba umemchoka, umeondoka kwa hiari yako. Akakua akiamini hivyo. Ukweli aliupata mwaka jana, kwa mama yake aliyekuwa mahututi. Baada ya mazishi akaanza kukutafuta, lakini mtaa wetu wa zamani ulishabomolewa na hakuna aliyejua ulikohamia. Usingizi ukamkimbia. Mtu akamwelekeza kwenye kilima chetu, kwamba huko wanajua kukaa na maumivu bila kuyapigia kelele. Aliniambia hajui afanye nini, kwa kuwa yeye ni mtoto wa waliokutupa na ni mtoto uliyemlea, yote mawili katika mwili mmoja.

Fundi, hapa punguza sauti, na umshike Mama mkono.

Mama, mimi si mpishi tena. Wiki iliyopita nilikula kiapo cha utawa. Nywele zangu, zile ulizokuwa ukinisuka huku ukipiga miayo, zimenyolewa zote. Sitaolewa, wala sitakuletea mjukuu, nami ndiye mwanao wa pekee. Najua utakavyoumia, ndiyo maana nimezunguka kurasa zote hizi kabla ya kulisema. Majirani watadai nimerogwa au nimekosa mume. Waache waseme. Sikumkimbia mtu. Nimepata mahali ambapo, kwa mara ya kwanza, nimeacha kusubiri kufukuzwa.

Yeye naye aliapa siku hiyohiyo. Nilitangulizwa mimi, kwa kuwa ndimi niliyeingia nyumba ile kwanza, hivyo ikambidi aje mbele yangu ainame. Sitakuficha, nilikuwa nimeingoja saa hiyo kama mlafi anavyongoja sinia. Binti wa nyumba ile, uso sakafuni, mbele ya binti wa wachuna ngozi. Ilipofika, utamu niliouwazia sikuuonja. Nilichokiona ni kisogo chake, kina mikwaruzo mibichi ya wembe, nikawaza kwamba kisogo hiki Mama alikiosha, alikifuta jasho, alikikinga jua kwa kiganja. Nikajikuta nimekishika kwa mikono yangu miwili, na utaratibu hauruhusu. Mama Mkuu alipata ghafla kitu cha kutazama dirishani.

Mvua zikiisha tumeruhusiwa kusafiri. Anaomba aje kukuona. Sikumjibu kwa niaba yako, maana mlango ni wako na aliyetupwa ni wewe. Ukisema hapana, nitamwambia hapana, wala sitakuhesabia vibaya. Ukisema ndiyo, utaona vichwa viwili kama vibuyu vinakuja njiani, usikimbie.

Ila nina ombi ambalo si la kitawa hata kidogo. Akikuona atakukimbilia, namjua, na mikono yako najua itafunguka yenyewe. Mama, siku hiyo nikumbatie mimi kwanza. Nikumbatie mpaka nitosheke, kisha tumpe nafasi.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia. Fundi, ahsante kwa sauti yako. Sasa kunja barua hii, uiweke mapajani mwake, umwache akae nayo peke yake.

Ni mimi, uliyenizaa,
Mwanao