Pua ya Shemeji

Ndugu yangu, sikia haya. Pua ya shemeji imekufa! Pua ile ile ya kunusia chai hapa kiwandani, inayomlisha dada yangu na wanawe.

Maua ya asumini tuliyochanganya na chai ya kijani ili inukie yamefunguka, chumba kinanukia hadi kichwa kinauma. Shemeji akazamisha uso kwenye rundo, akaniuliza, "Mbona maua bado yamelala?"

Nikamwambia, "Acha utani, shemeji." Akanishika mkono. "Sisikii harufu yoyote. Hata ile chai nyeusi ya jana nilibahatisha."

Jana! Mara bosi huyu hapa: "Mzee wa pua, tuyatoe maua?" Nikamkanyaga mguu shemeji ajue yako tayari. Akasema, "Tayari, bosi."

Bosi akafurahi. "Basi kesho utanusa chai nyeupe mbele ya wanunuzi, wewe peke yako."

Nyeupe harufu yake nyembamba, hata mimi mwenye pua nzima siipati. Na kesho nani atamkanyaga mguu?