Jiwe la Shavuni

Baba,

Assalaam aleikum huko uliko. Nakuandikia nikiwa barazani kwetu Mjimwema, hapa Songea, na nimekwisha chana karatasi kadhaa. Siwezi kutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda kuchungulia kabatini kama jiwe bado lipo. Lipo. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Yaliyofuata hukuyaona, basi nikusimulie. Ulishuka kwenye basi la kutoka Tunduru, ukaketi juu ya mzigo wako pale stendi, hukuinuka tena. Walipokuwa wanakuosha, mzee mmoja alitoka na jiwe kwenye kiganja kilicholowa, akamkabidhi Mama. "Marehemu alikuwa na amana shavuni," akasema. Wanawake wakaanza kulia upya. Mimi nilicheka, Baba. Nilicheka mpaka shangazi akanishika mabega, kisha nikalia kuliko wote.

Maana nilikutania mno kwa shavu hilo. Enzi za magendo, dalali wa vito aliyekutwa na kijiwe mfukoni alikuwa na kesi, kwa hiyo ulijifunza kusafiri nacho mdomoni, njia nzima ya Tunduru hadi Songea wewe ni bubu. Kisha mambo yakawa ruksa. Leseni zikatolewa, wanunuzi wa kigeni wakajaa Tunduru na mizani yao, na bado ulishuka stendi shavu limevimba, watoto wanakuamkia shikamoo, unaitikia kwa kichwa. "Baba, ruksa imefika, liteme!" nilikuwa nakwambia. Ukifika nyumbani ndipo unalitoa, unaliramba, unaliinua kwenye jua la asubuhi. Siku moja nikakueleza kwamba mate yanajaza mikwaruzo ya juu, ndiyo maana mwanga unapita vizuri. Ukasema, "Kumbe chuo kikuu mnafundishwa kuramba."

Hapo tulielewana. Kwenye moto hatukuelewana hata siku moja. Kazi yangu yote, tangu nilipoanza kemia mpaka leo ninapoifundisha, ni lile tanuru la kuchomea vito. Ukungu ulio ndani ya safaya, hivi vito vyenu vya Tunduru, ni vijisindano vya madini ya titani, vidogo mno hata hadubini yetu haivioni. Joto kali likiviyeyusha, titani inaungana na chuma kilichomo humo humo, na jiwe la kijivu linakuwa buluu. Mpaka leo mwili unanisisimka nikifungua tanuru. Wewe ulisema jiwe lililochomwa ni shahidi aliyefundishwa maneno. Nikakujibu kwamba Mungu alilichoma kwanza ardhini, mimi namalizia tu. "Usijipe kazi kwa Mungu, mwanangu. Hajatangaza nafasi."

Sasa hili lako la mwisho lina ukungu mzito. Mnunuzi aliyepo hapa mjini amelitazama kidogo, akasema likiwa hivi halina tofauti na kokoto. Kaka Hamisi alitaka tumwuzie hivyo hivyo, kila mrithi apate chake, yaishe. Mimi nataka kulichoma, na naogopa. Niliporudi chuoni baada ya matanga, mgao wa umeme ulitukuta tanuru likiwa jekundu. Likapoa ghafla, vijiwe vyangu vya majaribio vikapasuka vyote. Likipasuka na hili, nitakuwa nimeuvunja urithi wa Mama kwa mkono wangu. Tena nitakuwa nimekupinga wakati huwezi kunijibu.

Kilichoninyima usingizi ni kutojua ulikuwa unalipeleka kwa nani. Mzee Athumani, dalali mwenzako aliyekaa nawe kwenye basi, anasema hukufungua mdomo ila Namtumbo, basi liliponasa kwenye tope. Ulilitoa ukanywa maji, ukamwuliza kama amesikia likizo yangu hapa nyumbani inaisha lini. Basi, ukalirudisha. Nimeyageuza maneno hayo kila upande. Mtu anaweza kuuliza hivyo kwa kumkumbuka mwanawe tu.

Jana, baada ya kisomo cha arobaini, tulibishana tena, mpaka Mama, aliyemo chumbani kwenye eda, akagonga ukuta. "Hamisi! Wanunuzi wamejaa Tunduru hata njia hazipitiki. Angetaka kuuza, angekuja kuuzia huku, na matope yale? Na likizo ya Zuhura aliiulizia ya nini, kama si kumletea alichome?" Kaka akakubali kwa shingo upande. Mimi nilitoka nje nikaizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Basi nitalichoma. Chuoni wameniahidi jenereta, mgao ukija usinikute mikono mitupu. Na kila atakayelishika baadaye nitamwambia limechomwa, ili shahidi wako asimdanganye mtu. Likitoka, kabla ya kipimo chochote, nitaliramba na kuliinua kwenye jua la asubuhi. Liwe buluu, liwe vipande, nitakuja kukueleza mwenyewe kaburini. Hilo nakuahidi.

Basi la Dar la kunirudisha chuoni linaondoka alfajiri. Nimelifunga jiwe kwenye pindo la khanga, nikalifungua. Nimelitia kwenye pochi, nikalitoa. Sasa ninapoandika limo shavuni mwangu, la baridi, zito kuliko nilivyodhani miaka yote niliyokucheka.

Pumzika, Baba. Kesho njiani watu wakinisalimia, nitaitikia kwa kichwa.

Mwanao,
Zuhura