Adhana ya Dar es Salaam

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Hapa Ujiji tu wazima, goti la babu yako limepata nafuu.

Unasema umeandika amri kwenye kompyuta, ukaziuliza seva nne za mbali saa ngapi, zote zikajibu sawa. Je, uziamini? Ziamini. Ila Ramadhani yangu ya kwanza ukweni, nilisikia redioni adhana ya magharibi kutoka Dar es Salaam, nikafuturu. Mama mkwe akanishika mkono, akanionyesha jua. Lilikuwa bado juu ya milima ya Kongo.

“Redio haijakosea, mwanangu,” alisema taratibu. “Lakini haiko hapa.”

Siku ile niliilipa baada ya Idi, redio nimeizima, macho yangu ziwani.

Bibi yako wa Ujiji