Kwa Mzee Nasikia, Aliyeondoka na Ufunguo wa Mnara

Ni mwaka mmoja sasa tangu tukuzike, Baba, na ufunguo wa mnara wa kanisa ukiwa mfukoni mwako.

Mama alikuvalisha koti lako la Jumapili kama ulivyotaka. Hakuna aliyekumbuka mfuko wa ndani. Tulikuja kushtuka makaburini, kaburi limeshafukiwa, watu wameinua macho mnarani wakingoja kengele, na mlango umefungwa. Padri akamnong'oneza Mama, "Sasa tufanyeje, mama?" Mama akamjibu kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mwacheni nao! Alipokuwa hai hakumpa mtu, leo ndiyo aanze?" Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Ndivyo ulivyozikwa wewe, mpiga kengele wa kijiji kizima, bila kupigiwa hata moja. Hilo lilituuma sana, na linatuuma bado.

Tulikuita mchoyo wa ufunguo. Kumbe ngazi za mnara ule mkongwe zilikuwa zimeoza, nawe hukutaka mtoto wa mtu avunjike mguu. Ulizitengeneza mwenyewe, kipago baada ya kipago, kwa mbao ulizombembelezea seremala. Ulipaka vyuma mafuta, ukafukuza popo, ukateremka na vumbi hadi kwenye nyusi ukidai chai.

Kengele kubwa ilikula masikio yako polepole, lakini kukubali, ng'o! "Nasikia, nasikia!" ndilo lilikuwa jibu lako kwa kila jambo, hata ukiulizwa umekula nini. Jina likakuganda. Mama mpaka leo anapaza sauti mezani, ingawa sisi tuliobaki tunasikia vizuri.

Harusi ya tajiri na ya maskini zilipata mlio uleule. Kwenye msiba ulivuta kamba mara moja, ukaacha mlio uishe wenyewe, ndipo ukavuta tena. "Usimharakishe mtu anayelia," ulituambia. Tulikupenda kwa hilo, na hatukukuambia vya kutosha.

Fundi makufuli alifungua mlango wiki ileile. Padri akataka yeyote mwenye nguvu apande akupigie. Mama akakataa katakata. "Mume wangu hapigiwi kwa kubahatisha. Nitangoja wa nyumbani ajue kupiga."

Basi tukangoja. Aliyeshika kamba ni binti yako mwokaji mikate, yule uliyemwambia kila siku ana mkono mzito. Siku ya kwanza kamba ilimnyanyua, ikamzonga kifundo cha mguu. Padri akaangua kicheko: "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni!" Binti akalia kwa hasira, na kesho yake akarudi. Sasa anapiga kengele ndogo kila asubuhi, na majirani wameacha kutoka mbio kuuliza moto uko wapi.

Kengele kubwa ameizoea pia, ila ya msiba hajampigia mtu. Wa kwanza ni wewe. Jumapili hii, misa ikiisha, tutasimama makaburini, pale pale tulipokuacha bila mlio. Tumechelewa, Baba, lakini tunakuja tukiwa tunajua.

Unakumbukwa na mkeo. Mwanao dereva wa lori, ambaye ameapa kuwahi. Binti yako, atakayekuwa juu mnarani. Dada yako mshonaji. Wakwe zako, na wajukuu wanaogombea nani asimame karibu na mlango wa mnara.

Daima tutakukumbuka, Baba, na kwa sauti.