Mama Mkwe Hataki Kuonja Vitafunwa Vyangu vya Ndizi

Mshauri wangu mpendwa Mama Gahongayire,

Mimi si mtu wa kuomba msaada, kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa, uliza dereva yeyote pale stendi ya Nyabugogo aliyewahi kukwama, lakini leo naomba, tena naomba unijibu kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili shemeji yangu Nduwayo anakuja na gari kumchukua mama yake kutoka nyumbani kwangu, na sababu anayoitoa mbele ya watu ni kwamba mama anakonda mikononi mwangu, mimi ambaye nimelisha watu katika nchi sita.

Nijieleze kwanza ujue unaongea na nani. Naitwa Papa Sangwa, nakaa Gisozi, nimekulia Ngara upande wa Tanzania, shule niliiacha darasa la sita (mwalimu alisema shule ndiyo iliyoniacha mimi, tusigombane naye), na yote yaliyobaki nimeyasomea kwenye usukani wa lori, kuanzia Dar mpaka Kahama, Rusumo, Bujumbura, Lubumbashi, na mpakani Kasumbalesa ambako foleni yake inaweza kukukuta kijana ikakuacha na mvi. Niliwahi kufikisha mayai Kolwezi kwenye barabara ile yao bila kupasuka hata moja, sawa, matatu. Lugha naongea saba, na ya nane naielewa mtu akikasirika. Sasa mgongo umenikataa, nimeshuka kwenye lori, na mke wangu Christella anafanya kazi ofisini Kacyiru, anaondoka asubuhi anarudi jioni, kwa hiyo mchana mkuu wa nyumba ni mimi.

Basi mabukwe, yaani mama mkwe wangu (jina lake silitaji, adabu hiyo ninayo), aliteleza kwenye ngazi za kanisa mvua hizi zilipoanza, akavunjika nyonga, wakampasua wakamwekea chuma, na tukamleta kwetu kwa sababu kwa Nduwayo kule Ndera mchana yeye na mkewe wote wawili wako kazini na geti linafungwa kwa nje. Hawezi kushuka kitandani bila kushikwa. Kidonda kinasuasua, na muuguzi wa kliniki akaniambia mwili wake hauna cha kujengea, anahitaji protini, na kwa kuwa hana hamu ya chakula apewe vitu vidogo vidogo mara nyingi, vyenye mayai, karanga, soya, na matunda ya kumvutia. Kisha akanielekezea kidole. "Mzee, wewe ndiye unashinda naye. Hakikisha anakula."

Mama Gahongayire, mimi nikiambiwa hakikisha, nahakikisha.

Nikaingia jikoni, ndiyo, mwanaume mzima, na aproni ya maua ya mke wangu, nikajifunza kwenye simu kwa mwanamke mmoja anayeoka huku anaongea Kireno, sikuelewa hata neno, nikafuata mikono yake. Oveni sina. Nachukua sufuria kubwa, namwaga mchanga chini, naweka bati juu ya mchanga, nafunika, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, maana siku ya kwanza niliyaweka kinyume na kilichotoka humo mbwa wa jirani alikinusa akanitazama usoni kwa huruma. Sasa nimekuwa fundi. Naponda imineke, zile ndizi ndogo tamu, zikiwa zimeiva mpaka ganda lina madoa, nakoroga na mayai, siagi ya karanga, unga wa soya, shayiri kidogo, natupia vipande vya nanasi kavu, sukari sitii hata chembe, ikishaiva nakata vipande ingali moto, na vikipoa vinashikana kama tofali. Nimevipa jina, Komera, yaani uwe na nguvu. Ngabo, kijana wa moto, yaani pikipiki ya abiria, anayeegesha kwenye kona yetu, alikula kimoja akaniuliza, "Mzee, hii iko ya hoteli gani?"

Mtaa mzima unakula. Anayepikiwa ndiye asiyekula.

Namletea kwenye sahani ya wageni, navuta stuli, nakaa karibu na mto wake nihakikishe, namsimulia vichekesho vya Kasumbalesa, anacheka mpaka anajifunika mdomo kwa kitenge, anasifu harufu, anagusa kipande kwa ncha ya kidole kama mtu anayepima joto la pasi, halafu anasema, "Nimeshiba, Papa Sangwa. Imana iguhe umugisha," Mungu akubariki, na anageukia ukutani. Ameshiba nini, hewa? Nikabadilisha, nikatia papai, nikatia maracuja, yaani pasheni, nikatia tunda la binyomoro kwa uchachu, nikakata vidogo zaidi. Nimeshiba, Papa Sangwa. Siku moja nikaona labda haelewi jinsi vinavyoliwa, nikala mimi mwenyewe mbele yake, vitatu, nikilamba vidole, ili aone njia. Akafumba macho. Nikadhani amesinzia.

Kuna siku niliyokwenda mwenyewe sokoni Nyabugogo kuchagua mananasi, nikarudi nikakuta sahani nyeupe, hakuna hata chembe, na jirani yetu Uwimana alikuwa amepita kumjulia hali mgonjwa. Nikamuuliza Uwimana kama chakula cha mgonjwa kilikuwa kitamu. Aliondoka na hajarudi tena. Tangu siku hiyo sibanduki, ndizi ananiletea Ngabo, na mimi niko kwenye stuli yangu tangu asubuhi mpaka mke wangu anapofungua mlango.

Nikimlalamikia Christella, anavua viatu bila kunitazama, anasema, "Wewe weka pale, uende zako. Mama yangu amelelewa." Sasa mimi sikulelewa? Na uende zako huambiwa mbwa. Jioni yeye anaingia kwa mama yake, anafunga mlango, na anatoka na bakuli la uji lililoisha nusu. Ni kama zamani mama akitutembelea, alikuwa hakai mezani nami hata siku moja, anakula jikoni na binti yake, nikawa nasema moyoni, haya, wacha wanisengenye, angalau wanasengenya wakiwa wameshiba.

Nikwambie kwa nini inaniuma. Nilipokwenda kuposa, wajomba zao waliokulia Bujumbura na vyeti vyao vya Kifaransa waliniuliza nimesoma wapi, nikawajibu, wakacheka. Mama akiwa chumba cha nyuma akatuma mtu aje aseme mbele ya wote: "Mtoto wangu haolewi na cheti." Nikapewa mke. Mwanamke huyo hawezi kufa njaa nyumbani kwangu huku mimi nimekaa pembeni na sahani, na kule Ndera atashinda mchana kutwa peke yake nyuma ya geti.

Sasa nishauri. Nimfungie Nduwayo mlango, au nimpiganie kwa maneno? Au nichukue kijiko nimlishe mama mwenyewe, kwa mkono wangu, hata akikataa? Niko tayari kwa lolote. Kushindwa tu ndiko nisikokuweza.

Papa Sangwa, Gisozi

*

Papa Sangwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kucheka na ya pili kwa kushika kichwa. Kijiko hicho kirudishe kabatini sasa hivi, kisha ukae chini unisikilize, na kwa mara moja usisimulie kitu.

Mabukwe wako hajakataa chakula chako. Amekataa kutafuna mbele yako. Mwanamke wa umri wake, aliyelelewa kwa desturi ya zamani, hali mbele ya mume wa binti yake. Kinywa chake kikitafuna si kitu cha mkwe kukitazama, na cha mkwe si cha yeye kukitazama. Najua leo kuna wanaokaa na wakwe zao hotelini wakigombania paja la kuku, na dunia haijaanguka. Wao wana yao. Huyu ana yake, ameibeba akapita nayo mipaka na ukimbizi, na hataitupa kwa sababu ya kipande cha ndizi, hata kama kinanukia.

Umeniandikia mwenyewe kwamba alipokuwa mzima alikula jikoni. Alikuwa na miguu ya kuondokea. Sasa miguu hana, na wewe umevuta stuli ukakaa karibu na mto wake tangu asubuhi mpaka jioni. Kwa heshima yako anashinda na njaa, anacheka vichekesho vyako, anakuombea baraka, anageukia ukutani. Halafu ukala vitatu mbele yake ukilamba vidole. Ninyamaze hapo.

Sikulaumu kwa usiyoyajua, umekulia mbali na barabara hazifundishi kila kitu. Nakulaumu kwa uliyoambiwa. Mkeo alikupa dawa kamili: weka pale, uende zako. Wewe ukasikia tusi. Alisema mama yake amelelewa, na hapo alikuwa anamsifu mama yake, hakukugusa wewe. Mtu anayeongea lugha saba angemuuliza mkewe swali moja katika mojawapo. Na wewe Christella, kama gazeti hili limefika Kacyiru, mume wa namna hii haongeleshwi kwa mafumbo huku unavua viatu. Kaa naye umwambie neno zima.

Ile sahani nyeupe ndiyo ilikuwa jibu, Papa Sangwa. Alikula alipopata nafasi. Wewe ukamtuhumu jirani, ukaifunga nafasi yenyewe.

Sasa kazi. Kesho oka kama kawaida, ila unga wa soya ukaange kwanza kwenye sufuria kavu mpaka unukie kama karanga, maana mbichi ni mchungu na unasumbua tumbo la mgonjwa. Siagi ya karanga iwe laini, bila vipande. Nanasi kavu lirowekwe maji ya uvuguvugu kabla ya kuchanganywa, hujaniambia ana meno mangapi na sitaki umuulize. Vipande viwe vya kumezwa kwa utulivu, kama kidole gumba. Mpelekee na glasi ya maziwa ya mgando. Lakini Komera si dawa ya kidonda. Kisipoanza kufunga, au kikitoa maji, au akipata homa, ni kliniki siku hiyo hiyo, na muuguzi aambiwe kila unachotia humo.

Ukishaoka, weka kwenye meza ambayo mkono wake unaifikia, pamoja na maji ya kunawa na kitambaa safi juu ya sahani. Mwinue aegemee mito, asile akiwa amelala chali. Kisha sema kwa sauti kwamba unatoka, ili ajue, na utoke kweli, mlango asikie ukifungwa. Usichungulie dirishani. Usikohoe uani. Nenda Nyabugogo ukachague ndizi zako mwenyewe, Ngabo apumzike.

Mgonjwa asibaki peke yake, kwa hiyo kabla ya yote hayo nenda kwa Uwimana. Hapo usiende na kichekesho. Mwambie umemkosea, umemwita mwizi wa chakula cha mgonjwa na hakuwa mwizi. Mpe na yeye sahani yake ya Komera. Kisha mwombe aje mchana kukaa na mukecuru, bibi yetu huyo, maana mtu mzima hula vizuri akiwa na mwenzake wa kumtazama bila aibu. Akikufukuza, rudi tena kesho yake. Vichekesho vya Kasumbalesa utavisimulia sahani ikishaondolewa, na hapo mama atacheka bila kujifunika.

Kuhusu Jumapili, mlango usiufunge. Nduwayo ni mtoto anayeogopa kumpoteza mama, hana ugomvi na wewe zaidi ya huo, na ukimpigia kelele utakuwa umemthibitishia kila alichokisema. Mkaribishe. Mwambie hivi na usiongeze: "Chakula kilikuwa sawa, mimi nilikaa mahali pasipo pangu. Nimeondoka pale." Najua hilo la kutoongeza litakuuma kuliko mgongo. Kisha mwacheni mama aseme anataka kulala wapi, maana nyonga ni yake, na wote wawili mmesahau kumuuliza. Akisema Gisozi, Nduwayo atarudi Ndera na gari tupu. Akisema Ndera, utabeba begi lake hadi garini, utatafuta nani wa kushinda naye kule nyuma ya geti, na kila asubuhi Ngabo atapeleka Komera za moto.

Anza kesho, usingoje hiyo Jumapili. Utakaporudi utaichukua sahani bila kumtazama usoni. Ikiwa imebaki kitu, usimuulize kwa nini, punguza ukubwa wa vipande uoke tena. Ikiwa tupu, usiulize pia. Ioshe.

Mama Gahongayire